Mshipa Hauonekani: Kutafuta Kosa Katika Viinitete vya Samaki Pundamilia

Kiinitete cha samaki pundamilia kikikosa mshipa, jeni iwe ya mwisho kushukiwa. Kabla yake wapo mashahidi watatu wa kuhoji: umri wa kweli wa kiinitete, moyo wake, na ukoo wa samaki uliouweka chini ya hadubini. Matokeo mengi ya ajabu hufia kwa mmoja wa hawa watatu.

Ili ujue kipi kimepungua, jua kwanza kizima kinavyokuwa. Saa zote humu zinahesabiwa tangu yai kurutubishwa, maji yakiwa nyuzi 28.5 za Selsiasi. Kati ya saa 20 na 22 vichipukizi vya kwanza hutoka kwenye aota ya mgongoni, kimoja kila upande wa kila pingili ya misuli, na kuanza kupanda. Karibu na saa 24 moyo unaanza kupiga, na muda mfupi baadaye chembe nyekundu zinaonekana zikizunguka. Kufikia saa 30 vichipukizi vimefika juu, vimegawanyika mbele na nyuma na kuungana kuwa mshipa mrefu wa mgongoni. Hiyo ndiyo mishipa ya pingili, na mwanzoni yote ni ateri.

Zamu ya pili huanza saa 32 hadi 36, na safari hii inayochipua ni vena kuu iliyo chini ya aota. Takriban nusu ya vichipukizi vyake huungana na mishipa ya pingili iliyokwishakuwapo na kuigeuza vena. Vilivyobaki hupanda hadi katikati ya ubavu, kwenye mstari unaotenga misuli ya juu na ya chini, na kutulia hapo kufikia saa 54 hadi 60. Hizo ndizo seli mama za limfu, yaani za mirija inayozoa majimaji ya mwili. Baadaye hutambaa juu na chini zikifuata ateri za pingili, na kati ya siku ya 4 na ya 6 mfereji wa kifua, mrija mkuu wa limfu, unakamilika, umejibana kati ya aota na vena kuu.

Dalili: mishipa ya pingili ni mifupi kwa samaki wote, hata wasioguswa

Hapa tatizo ni saa au joto. Kanuni ya Kimmel na wenzake ya mwaka 1995 bado ndiyo chombo bora: chukua saa za ratiba ya nyuzi 28.5, gawa kwa (0.055 × joto − 0.57), utapata saa zitakazohitajika kwa joto ulilo nalo. Kwa nyuzi 25 kigawanyo ni 0.805. Maana yake kiinitete kilicholala nyuzi 25 kwa saa 28 kina umri halisi wa saa 22.5 tu (28 × 0.805), na vichipukizi vyake vinatoka kwenye aota wakati wewe unatarajia kuviona vimefika juu. Kwa nyuzi 33 kigawanyo ni 1.245 na kosa linageuka upande wa pili.

Usiamini namba iliyo kwenye mlango wa inkubeta. Weka kipimajoto ndani ya sahani ya petri yenye maji na uiache humo usiku kucha, kwenye rafu ileile na kona ileile wanakokaa samaki wako. Rafu ya karibu na mlango inaweza kuwa na ubaridi wake. Umeme ukikatika usiku, andika ulikatika saa ngapi na ukarudi saa ngapi. Ukishindwa kujua, tupa kundi hilo na uzalishe jingine, maana mayai ni bei rahisi kuliko mwezi wa kufukuza kivuli.

Lipo kosa jingine ambalo sisi wenye kuhesabu saa kuanzia macheo tunaliingia kirahisi. Mmoja anakusanya mayai saa tatu asubuhi na kuandika «3» kwenye sahani. Kompyuta ya hadubini inaweka alama ya 09:00. Wa tatu anafanya hesabu jioni, na tayari kuna saa sita ambazo hakuna aliyeziona. Saa sita kwenye kiinitete cha saa 28 ni ule umbali wa kutoka kichipukizi kinachoanza hadi mshipa uliokamilika. Maabara ichague mtindo mmoja wa saa, iuandike ukutani.

Msongamano nao huchelewesha. Sahani ya sentimita 10 yenye mililita 30 hadi 40 za E3, maji ya kulelea viinitete, ibebe viinitete 50 hadi 60, si zaidi. Mayai yaliyokufa, yale meupe kama maziwa, yaondolewe siku hiyohiyo, kabla hayajaoza na kuharibu maji ya wenzao. Na usilinganishe kundi la mama huyu na kundi la mama yule: ndugu wa tumbo moja, waliokusanywa ndani ya nusu saa, ndio kipimo.

Dalili: mishipa imekosekana hapa na pale, mingine mizima

Pengo la pingili mbili, kisha mishipa mitano mizuri, kisha pengo tena. Kwa samaki aliyedungwa mofolino (molekuli inayozima jeni kwa muda bila kuikata) au vifaa vya kukata jeni akiwa seli moja, sababu ya kawaida ni mgawanyo usio sawa wa ulichodunga. Vifaa vya kukata jeni vikichelewa, mwili unakuwa viraka: seli hizi zimekatwa, zile hazijakatwa. Mofolino iliyodungwa baada ya seli nne haifiki kila mahali.

Pima tone kabla ya kila kikao. Dondosha kwenye mafuta ya madini juu ya rula ya hadubini: kipenyo cha milimita 0.125 ni nanolita 1, na milimita 0.157 ni nanolita 2. Ona jinsi ongezeko dogo la upana linavyoongeza kipimo maradufu. Ncha ya sindano ikivunjika kidogo katikati ya kazi, nusu ya pili ya sahani imekunywa dozi nyingine kabisa. Mofolino ya milimola 1 ina takriban nanogramu 8 kwa nanolita. Ikikaa kwenye friji hujigandisha, kwa hiyo ipashe nyuzi 65 kwa dakika 5, ipoe, kisha izungushe kwenye sentrifuji kabla ya kuivuta.

Mishipa ikiwa mingi kupita kiasi, ina matawi ya ziada au inavuka kutoka pingili moja kwenda nyingine, hiyo ni habari tofauti na upungufu. Matawi ya ziada yanaelekeza kwenye njia ya Dll4 na Notch, ambayo kazi yake ni kuzuia kila seli isitake kuwa kiongozi. Kuvuka mipaka kunaelekeza kwenye plxnd1, jeni inayousomea mshipa alama za «usipite hapa» zinazotolewa na pingili. Hayo si makosa ya mkono.

Dalili: mishipa ipo, damu haizunguki

Angalia moyo kwanza, kwa mwanga wa kawaida, kabla ya floresensi, ule mng'ao wa mishipa chini ya taa maalumu. Je, unapiga? Unapiga sawasawa? Trikaini, dawa ya kumlaza samaki, imekuwa nyingi? Kipimo cha kulaza ni takriban miligramu 160 hadi 170 kwa lita: mililita 4.2 za akiba ya miligramu 4 kwa mililita, ndani ya mililita 100 za maji. Trikaini isiyosawazishwa ni asidi; ilete pH 7 kwa Tris. Samaki akisafishwa kwa maji safi na mzunguko ukarudi ndani ya dakika chache, umepata jibu.

Moyo usipopiga kabisa, kama inapozimwa tnnt2a, jeni ya misuli ya moyo, vichipukizi vya kwanza vya pingili bado hupanda, kwa kuwa havihitaji msukumo wa damu. Hata samaki mwenyewe haonyeshi shida mapema. Ni mdogo kiasi kwamba oksijeni inapenya ngozini, na anaweza kuishi siku kadhaa bila mzunguko. Uzuri huo ndio uliompa samaki huyu heshima kwenye fani hii, na ndio huohuo unaodanganya: «yuko hai» haimaanishi «yuko sawa».

Moyo ukipiga vizuri lakini kiwiliwili ni kikavu, tafuta damu inaishia wapi. Ikigota pale aota mbili za pembeni zinapoungana kuwa moja, hiyo ndiyo picha ya samaki wa gridlock, wenye hitilafu ya jeni hey2. Ikizunguka kichwani tu kwenye mishipa michache iliyopanuka, na mkia haupati kitu, fikiria mshipa wa mkato kati ya ateri na vena, kama inavyotokea kwa hitilafu ya jeni acvrl1. Na kama hakuna chembe nyekundu hata moja, huenda mishipa ni mizima na kilichokosekana ni damu yenyewe. Ukoo wa gata1:DsRed, ambao chembe zake za damu hung'aa nyekundu, utakuonyesha papo hapo.

Dalili: mfereji wa kifua hauonekani

Hapa ndipo wengi hutangaza ugunduzi kabla ya wakati, kwa hiyo twende polepole.

Swali la kwanza: unatumia ukoo gani? Ukoo wa kdrl:EGFP unang'aa sana kwenye mishipa ya damu, lakini kwenye limfu ni hafifu mno au haung'ai kabisa. Ukiutafuta mfereji humo hutaupata hata kwa samaki mzima wa afya. Tumia fli1a:EGFP, ule wa Lawson na Weinstein wa mwaka 2002, unaotia kijani mishipa ya damu na ya limfu pamoja, ukiuchanganya na gata1:DsRed. Au tumia koo zinazopendelea limfu, kama lyve1b na mrc1a. Hizo mbili nazo zina mtego wake: zinatia rangi vena pia, na mrc1a inaonyesha seli nyingine juu ya ubongo ambazo si mirija. Kwa hiyo vena kuu kung'aa kwenye lyve1b ni jambo la kawaida.

Swali la pili: anatazamwa namna gani? Mlaze ubavu hadi macho mawili yafunikane kabisa, moja juu ya jingine. Akiinama hata kidogo, mishipa ya kushoto na ya kulia inapishana, na mfereji unajificha nyuma ya aota. Akikaa sawa, shuka macho yako kutoka mgongoni: neva kuu ya mgongoni, kisha notokodi, fimbo ya kuimarisha mwili yenye vyumba vikubwa kama povu, kisha aota, bomba nene ambamo chembe nyekundu zinakimbia kuelekea mkiani. Chini yake mara moja, kabla ya kufika kwenye vena ambamo chembe zinarudi kichwani, kuna uzi mwembamba wa kijani usio na chembe nyekundu hata moja. Huo ndio mfereji. Piga picha za tabaka, kila moja mikromita 1 hadi 2 kutoka nyingine. Ukiruka mikromita 5 utaupoteza katikati.

Swali la tatu ni umri tena. Kwa nyuzi 25, saa 120 za ukutani ni karibu saa 97 za samaki, yaani siku ya 4 tu, wakati mfereji bado ni vipande. Angalia kibofu cha hewa: kama hakijajaa, samaki huyo ama ni mdogo kuliko unavyodhani ama ni mgonjwa, na kwa vyovyote vile hafai kuhesabiwa.

Ukishajiridhisha, rudi nyuma kwa hatua. Chukua ndugu zake wa saa 60 uhesabu seli mama za limfu katikati ya ubavu, pingili 10 kwa kila samaki. Kama zipo kwa wingi wa kawaida na mfereji haupo, kasoro iko kwenye safari ya kutoka pale: huenda ateri za pingili ambazo ni barabara yao zina hitilafu, au ishara za Cxcl12 zinazowavuta hazipo. Kama seli mama hazipo, rudi saa 36 hadi 48 utazame kama vena ilichipua. Kukosekana kwa vichipukizi vya vena, huku aota na mishipa ya kwanza ikiwa salama, ndiyo alama ya hitilafu ya Vegfc (ishara inayoifanya vena ichipue limfu), kipokezi chake Flt4, au msaidizi wake Ccbe1.

Maneno hayo «huku mishipa ya kwanza ikiwa salama» ndiyo uzito wote. Limfu inachipua kwenye vena na kutembea juu ya ateri. Samaki mwenye ateri mbovu au moyo dhaifu atakosa mfereji hata kama jeni unayoichunguza haihusiani na limfu kwa lolote. Kabla ya kusema «jeni ya limfu», onyesha picha za saa 30 zenye mishipa kamili na video ya damu ikizunguka.

Na usiandike «upo» au «haupo» tu. Hesabu katika pingili 10 ni ngapi zina mfereji, uandike 10, 7, 2 au 0. Mhesabuji asijue nani ni nani. Jenotaipu, yaani jeni alizobeba kila samaki, isomwe baadaye. Katika samaki 40 waliotoka kwa wazazi wawili wabebaji wa jeni iliyofichika unatarajia kama 10 wenye kasoro. Ukipata 22, kitu kingine kinawagusa.

Jambo moja la kiofisi kwa walioko Ulaya: sheria ya wanyama wa maabara ya mwaka 2010 inawalinda samaki tangu wanapoanza kujilisha wenyewe, na kwa samaki huyu mstari huo huwekwa kwa kawaida saa 120. Mfereji unakamilika palepale kwenye mpaka. Omba kibali mapema.

Dalili: samaki amejaa maji

Tazama ni lini na wapi. Uvimbe wa mfuko wa moyo siku ya 2 au ya 3, moyo ukiwa umenyooka kama kamba, kwa kawaida ni moyo kushindwa au sumu ya dawa. Uvimbe wa limfu huchelewa. Unaanza kuonekana siku ya 5 au ya 6, kuzunguka macho na utumbo, kwa samaki ambaye hadi jana alikuwa na mzunguko mzuri. Mwenye uvimbe siku ya 2 usimweke kwenye hesabu ya limfu.

Dalili: rangi iliyodungwa haiingii, au inavuja

Kwa mishipa ya damu, dunga dekstrani iliyotiwa rangi, yenye uzito wa kilodaltoni 2,000, nanolita 1 hadi 5, kwenye vena pana inayopita juu ya kiini cha yai kuelekea moyoni, siku ya 2 au ya 3. Rangi ikibaki rundo mahali ulipodunga, ncha haikuingia kwenye mshipa, iko ndani ya kiini au imetoboa hadi upande wa pili. Ukifanikiwa, moyo wenyewe utaisambaza kwa mapigo machache tu. Tazama ndani ya nusu saa. Dekstrani ya kilodaltoni 10 huvuja hata kwa samaki mwenye afya, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha kuwa ukuta wa mshipa ni mbovu.

Kwa limfu njia ni nyingine: dunga dekstrani hiyohiyo kubwa chini ya ngozi ya mkia, katikati ya misuli, samaki akiwa na siku 5 au zaidi, kisha subiri. Molekuli kubwa hivyo haiwezi kuingia kwenye vena. Limfu ndiyo huizoa. Rangi ikitokea ndani ya aota papo hapo, umetoboa mshipa wa damu, na samaki huyo hana ushahidi tena.

Sindano ikiziba kila mara, zungusha rangi kwenye sentrifuji dakika 5 na uvute sehemu ya juu tu.

Dalili: mofolino inaharibu mishipa, lakini samaki aliyekatwa jeni hana kasoro

Maelezo ni mawili, na yote ni ya kweli kwa nyakati tofauti. La kwanza ni sumu: kichwa cha kijivu kisichopitisha mwanga, mwili mfupi uliojikunja, seli za neva zinazokufa kwa kuamshwa p53, jeni inayoamuru seli ife. Punguza dozi; nyingi hufanya kazi kati ya nanogramu 1 na 5. La pili ni fidia. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba samaki waliokatwa jeni egfl7 huwa karibu wazima kwa kuwa wanaongeza kazi ya jeni za jamii ya emilini zinazoziba pengo lake, wakati waliozimwa kwa mofolino hawapati nafasi hiyo. Pia mayai hubeba RNA ya mama, ambayo huficha upungufu wa siku za mwanzo.

Kipimo cha kuamua ni hiki: dunga mofolino hiyohiyo ndani ya samaki ambaye tayari hana jeni hiyo. Ikimharibu, mofolino inagusa kitu kingine, na picha zako za awali haziwezi kutetewa. Asipodhurika, kuna uwezekano mkubwa kwamba mofolino ni halali na mwili umefidia.

Dalili: dawa haifanyi kitu

Weka siku zote sahani yenye dawa inayojulikana. SU5416 huzima vipokezi vya VEGF, ishara inayoamuru mishipa ichipue. Mikromola 2 zikitiwa kabla ya saa 20 zitazuia mishipa ya pingili. Ukiitia saa 30 mishipa imeshajengwa, na hutaona upungufu wowote. DMSO, kiyeyusho cha dawa, isizidi asilimia 0.5, na kundi la kulinganishia liwe na kiasi hichohicho. Angalia chini ya kishimo cha sahani: fuwele zinazometa zinamaanisha dawa imeganda, samaki hajaipata.

Dalili: rangi nyeusi na mng'ao wa uongo

PTU ya asilimia 0.003 kuanzia karibu saa 24 huzuia madoa meusi. Ikianza mapema zaidi au kuzidi, samaki huchelewa kuanguliwa na macho hubaki madogo, kwa hiyo kundi la kulinganishia nalo linywe PTU. Ni sumu kwa binadamu pia, vaa glavu. Haiondoi seli za fedha wala za njano, na hizo za njano zina mng'ao wake wa kijani unaoweza kudhaniwa mshipa. Ukoo wa casper hauna nyeusi wala fedha, unasaidia sana kuanzia siku ya 4. Metileni bluu kwenye maji huzuia ukungu lakini huongeza mng'ao wa kiini cha yai. Waoshe siku moja kabla ya picha.

Dalili: picha za usiku mzima zinaanza vizuri, alfajiri mishipa imesinyaa

Trikaini na taa ndizo za kwanza kushukiwa. Kwa saa 12, shusha trikaini hadi kiwango kidogo kabisa kinachomtuliza, kisha tazama mzunguko kabla ya kuondoka: moyo ukipungua kasi, mishipa ya pingili hubonyea na utaandika kuwa ni kasoro. Agarosi laini ya asilimia 0.8 hadi 1, jeli ya kumshikilia samaki, ipoe hadi nyuzi 37 au 38 ndipo umtie samaki. Ikishika, kata kipande kinachozunguka mkia kwa kisu chembamba, kwa sababu mkia unarefuka usiku kucha. Ukibanwa, utajikunja na pingili zitatoka nje ya fremu. Mwaga maji ya kutosha juu yake, funika yasikauke, na upashe chumba cha hadubini hadi nyuzi 28.5 nusu saa kabla ya kuanza, la sivyo lenzi itahama polepole na saa moja baadaye utakuwa unapiga picha za notokodi. Weka na ndugu mmoja kwenye sahani hiyohiyo, nje ya njia ya leza. Asubuhi yeye akiwa mzima na aliyepigwa picha amesinyaa, punguza mwanga au ongeza muda kati ya picha na picha.